Mlevi au Aliyelewa? Shilingi Mia Tano katika Gati ya Amu

Kiswahili hakijapata kuwa maskini wa maneno ya kileo. Tembo la mnazi lina mgema wake, lina kibuyu chake, na lina methali yake inayomtia mgema majaribuni kila anaposifiwa. Mtu hulewa kidogo, hulewa chakari, hulewa hata akawa hajijui hajitambui. Hata hivyo ipo jozi moja ya maneno ambayo wanafunzi wa mofolojia huipita haraka darasani, ilhali mtu akisimama nayo mbele ya askari polisi na kisha mbele ya hakimu huweza kumgharimu. Jozi hiyo ni mlevi na aliyelewa.

Tofauti yake si ngumu kuieleza. Kiambishi tamati -i katika nomino kama mchokozi, mgomvi na mlevi hakitaji tendo la siku moja, hutaja tabia. Aliyegombana jana usiku si lazima awe mgomvi, kama ambavyo aliyeiba embe utotoni hakuzikwa akiitwa mwivi, kwa matamshi ya watu wa Amu. Kirejeshi -ye- kikiandamana na wakati uliopita hutaja tukio tu: alilewa, yakapita. Sheria ya Kenya, kwa bahati njema, huliangalia tukio. Kwa mujibu wa kifungu cha 33 cha Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, ile iliyozoeleka kwa jina la sheria ya Mututho, mtu akipatikana njiani, dukani, hotelini au mahali pengine pa hadhara akiwa amelewa asijimudu, au amelewa na kufanya fujo, huweza kukamatwa bila hati na kufikishwa mbele ya hakimu bila kucheleweshwa pasipo sababu. Adhabu yake haizidi faini ya shilingi 500 au kifungo cha miezi 3, au vyote viwili.

Shilingi mia tano. Ni kiasi cha kumfanya msikilizaji acheke, na ndipo hatari inapoanzia.

Mji wa Amu haukuumbwa kwa ajili ya ulevi wa hadharani. Vichochoro vyake ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja hana budi kungoja. Atakayepepesuka katika Ndia Kuu atamgusa mtu bega, na mtu huyo aghalabu atakuwa amjua mama yake. Kwa walio wengi mjini humo, kunywa ni dhambi kabla ya kuwa jambo jingine lolote, na aibu yake hufika nyumbani mapema kuliko mnywaji mwenyewe. Lakini dhambi hiyo haina mahakama. Mahakama ya Kadhi, ambayo mamlaka yake yamewekewa mipaka na ibara ya 170 ya Katiba ya 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Haina neno la kumwambia aliyekunywa. Hakimu naye hana neno la kumwambia aliyekunywa akalala kwake kimya. Kati ya dhambi isiyo na hakimu na kosa lisilojali dhambi, imebaki nafasi nyembamba kama kichochoro, na humo ndimo askari na mlewa hukutana.

Na achukuliwe baharia mmoja wa mashua, asiye na jina kwa kuwa ni wa mfano tu. Ameshinda bara Mokowe, amekunywa mnazi, amevuka na mashua ya jioni. Anashuka gatini Amu akiimba. Askari anamwambia anyamaze. Hapo alipo, ikiwa ana kosa lolote, ni lile la shilingi 500. Angenyamaza, pengine angeambiwa aende zake akalale. Lakini anageuka, anamtukana afande, na watu wanaanza kukusanyika. Sasa Kanuni ya Adhabu imeamka: kuzua fujo kwa namna inayoelekea kuvunja amani kuna kifungo cha hadi miezi 6. Askari anamshika mkono. Baharia anauvuta mkono wake, anamsukuma kifuani. Si kwa nguvu, kwa kuwa hana nguvu, miguu yenyewe haimtii. Nguvu hazipimwi. Kifungu cha 253 cha Kanuni hiyo humtia hatiani anayemshambulia, anayemkaidi au anayemzuia kwa makusudi askari aliyemo kazini, na adhabu yake hufika miaka 5. Mwendesha mashtaka akipenda kuitumia Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, kifungu cha 103, faini hupanda hadi shilingi 1,000,000 na kifungo hadi miaka 10.

Yote hayo yamepita kwa muda usiozidi wa mtu kuvaa viatu. Kutoka shilingi 500 hadi milioni moja ni hatua tatu tu gatini.

Ipo hatua ya nne, nayo ndiyo wengi huiona kuwa ya busara. Baharia, au ndugu yake aliyekuja mbio, anatia mkono mfukoni amalize mambo kwa chai. Katika Sheria ya Kukabiliana na Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote ni wakosaji, na kifungo chaweza kufika miaka 10, au faini shilingi 5,000,000, au vyote viwili. Inashangaza kwamba mtu aliyeogopa kulipa faini ya mia tano mahakamani kwa risiti hutoa zaidi ya hiyo gizani, bila risiti, na kwa kosa kubwa mara elfu.

Je, baharia hawezi kusema kwamba hakuwa akijua alitendalo? Wengi hulitegemea jibu hilo, na lugha yenyewe huwachochea: "si yeye, ni pombe." Kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu hakikubaliani nao. Ulevi si utetezi, isipokuwa pale mtu alipoleweshwa na mwingine bila ridhaa yake, kwa hila au kwa uzembe, hata asijue alitendalo au kwamba ni kosa, au pale ulevi ulipomfikisha kwenye wazimu kwa maana ya kisheria. Kilichobaki ni kwamba mahakama huweza kuuzingatia ulevi inapopima kama mshtakiwa alikuwa na nia inayotakiwa na kosa lenyewe. Ni mlango mdogo.

Nchi nyingine zimeupitia mlango huo kwa njia ya ajabu kidogo, na mfano wake una mkono wa Lamu. Januari 2000, huko Shela, Ernst August wa Hannover, mtu wa ukoo wa kifalme wa Ujerumani, alimpiga Mjerumani mwenzake mwenye disko kisiwani Manda, ugomvi ukiwa ni wa kelele na taa za disko hiyo. Kesi ilisikilizwa Ujerumani kwa miaka, na mwaka 2010 mahakama ya Hildesheim ilimtoza faini ya yuro 200,000. Ugomvi huo ulikuwa wa muziki na mwanga. Suala la ulevi lilikuja miaka 20 baadaye, mbali na bahari. Mwaka 2020, nchini Austria, alikabiliana na askari polisi, na mwaka 2021 mahakama ya Wels ikampa kifungo cha miezi 10 kilichoahirishwa. Kosa lililotajwa lilikuwa kutenda jinai akiwa katika hali ya kulewa kabisa. Sheria ya huko husema hivi kwa ufupi: ikiwa ulilewa hata nia ikakupotea, basi utaadhibiwa kwa kujilewesha kiasi hicho. Kwa hiyo mwana wa mfalme na baharia wa Mokowe, mmoja kwa sheria hii na mwingine kwa ile, hufikishwa kwenye ukuta ule ule.

Tofauti yao ni wakili. Na hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapohusika zaidi ya wanasheria.

Ibara ya 49 ya Katiba haikusema kwamba aliyelewa hana haki. Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake; ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili; afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa usiku aweza kuonana na hakimu Jumatatu, asipopewa dhamana ya polisi, ambayo haina malipo. Ibara hiyo hiyo imekataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi 6. Kosa la kifungu cha 33 limo humo. Kosa la kumsukuma afande halimo.

Kisha husomwa mashtaka. Katika mahakama za chini za Kenya lugha ni Kiingereza au Kiswahili. Hati ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, karani huifasiri papo kwa papo, na tafsiri ya papo kwa papo ndiyo mama wa makosa. Akisema "ulipatikana ukiwa mlevi mwenye fujo," ameshamhukumu mtu tabia. Akisema "ulipatikana umelewa na ukifanya fujo," amemshtaki kwa tukio. Baharia, ambaye kichwa kingali kinamgonga, aweza kulijibu neno la kwanza kwa uchungu: "Mimi si mlevi." Hakimu asiyekuwa makini atamwona mkaidi, kumbe mtu anaitetea heshima yake mbele ya jamaa waliojaa benchi la nyuma.

Au atajibu, "Ni kweli." Kweli ipi? Kwamba alikunywa? Kwamba alimsukuma askari? Kwamba alikuwa gatini? Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakimu wangali wakiufuata: shtaka na viungo vyake vyote vielezwe katika lugha ya mshtakiwa au lugha anayoielewa, maneno yake mwenyewe yaandikwe, mwendesha mashtaka ataje ukweli wa kesi, kisha mshtakiwa apewe nafasi ya kuukana au kuongeza neno. Utaratibu huo ni somo la isimu lililovaa joho. Unajua kwamba neno "kweli" peke yake halina kiima.

Kwa wakaazi wa visiwa vya mbali, hata ushindi una gharama. Mtu wa Faza au Kizingitini anayetakiwa kufika mahakamani mjini Amu huhesabu maji kabla ya kuhesabu siku, kwa kuwa mkondo wa Mkanda hupitika bamvua likijaa na hukataa maji yakitoka. Kesi ikiahirishwa mara tatu, nauli ya mashua na siku za kuvua zilizopotea zimeipita faini maradufu. Ndiyo maana wengi hukiri ili waondoke, hata kwa kosa ambalo hawakulielewa, na rekodi ya jinai ikabaki nyuma yao kama mkuku wa mashua mchangani.

Ngome ya Amu, pale Mkunguni, ilikuwa gereza tangu 1910 hadi 1984, na leo ni makumbusho. Watalii hupiga picha kutani mwake. Baharia wa mfano huu akipita mbele yake Jumatatu asubuhi, kati ya askari wawili, ana mambo mawili ya kuamua kabla ya kuingia mahakamani: aseme alilewa, jambo ambalo gati nzima ilishuhudia, na amwombe karani amsomee tena, polepole, sehemu ile ya mkono na kifua.