Mwalimu na Mama Mwalimu

Katika magazeti ya misioni mara nyingi husomwa habari za mapadri waliovuka bahari, na za masista waliofungua hospitali, na ni vyema zisomwe. Lakini mkristu wa kijijini, ukimwuliza nani alimfundisha Ishara ya Msalaba, hatamtaja padri. Atamtaja mwalimu wa kigango. Na ukimwuliza nani alikesha na mamaye siku ya kufiwa, na nani aliwapikia wakatekumeni waliotoka mbali, atamtaja mke wa mwalimu. Twataka kuandika habari za hao wawili, kwa kuwa kuna jambo juu yao linatusumbua.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Mapadri Waasumpsionisti walifika katika nchi hii mwaka 1929. Mwaka 1938 Beni ilifanywa vikarieti ya kitume chini ya Askofu Henri Piérard, mwaka 1959 ikawa jimbo, na tangu 1967 jina lake ni jimbo la Butembo-Beni. Kila aliyetembea katika milima ya Lubero au katika msitu wa Beni ajua ya kuwa mapadri wale wachache wasingeweza kufika pote. Padri alikuja, akabatiza, akafungisha ndoa, akaenda zake. Siku nyingine zote zilikuwa za mwalimu.

Wazee wetu hawa hatutawataja majina, wala kigango chao, kwa maana watu wa kule wameumizwa vya kutosha, na jina likiisha kuandikwa huenda mbali. Itoshe kusema ya kuwa wakaa kaskazini ya mji wa Beni, kando ya njia iendayo Oicha. Mzee amepita miaka sabini. Mkewe ni mdogo kwake kwa miaka mitano au sita, hesabu yenyewe haijui mtu. Watu wote humwita mzee Mwalimu, na mkewe humwita Mama Mwalimu. Wenyewe huitana Baba Masika na Mama Masika, kwa jina la mtoto wao wa kwanza. (Msomaji asidhani tumewafichua. Kwetu Wanande binti wa kwanza ni Masika, na ukienda kumtafuta mama yake Masika utaonyeshwa nusu ya nyumba za nchi.)

Julai 2023 parokia ilitutuma kukaa nao majuma matatu, tuwasaidie kuwatayarisha watoto wa Komunyo ya kwanza. Sisi tulisoma seminari miaka mingi kabla ya kuoa, tena hatujafika miaka arobaini, na tulikwenda na vitabu vyetu mfukoni.

Mama ndiye huamka kwanza, saa kumi na moja, kungali giza. Hukoka moto, huchemsha kahawa, humwamsha mzee kwa kugonga sufuria na kijiko. Mzee hutoka kupiga kengele, yaani chuma cha gurudumu la lori kilichotundikwa kwenye mti wa avoka. Hivyo ndivyo siku za amani. Lakini tangu mauaji yalipoanza katika eneo la Beni, Oktoba 2014, zimekuwako siku nyingi ambazo chuma hakipigwi, kwa sababu sauti yake huwaambia wauaji mahali watu walipo. Siku hizo Mama Mwalimu hupita nyumba kwa nyumba katika umande, hugonga mlango kwa vidole viwili, husema kwa sauti ndogo, “Yezu asifiwe,” na yule wa ndani hujibu kwa sauti ndogo vilevile, “Milele na milele.” Watu huja kusali kimya. Tulipofika tulimwuliza kama haogopi kutembea peke yake gizani. Alitujibu, “Mwanangu, naogopa sana. Lakini Baba Masika akikanyaga hukohoa, na kikohozi chake chasikika mpaka mtoni.”

Baada ya sala huenda shambani. Wasomaji wa mjini hudhani mwalimu wa kigango hulishwa na misioni. Hupata kidogo kutoka katika sadaka za wakristu, nao wakristu wenyewe ni maskini. Chakula hutoka katika jembe: muhogo, maharage, ndizi. Walikuwa na kakao pia, shamba zuri mwendo wa saa moja na nusu, na kwa kakao hiyo waliwasomesha watoto. Sasa shamba lile ni pori. Majirani wao waliuawa katika mashamba kama hayo wakati wa mavuno, na mzee hataki mkewe aende, wala mkewe hataki mzee aende. Wamebaki na miti michache nyuma ya kikanisa, na mbegu zake huanikwa juu ya turubai mbele ya mlango, ambapo kuku na watoto wa katekisimu hupigana vita ya kila siku.

Saa tisa mchana wakatekumeni hufika. Mzee husimama mbele na kuuliza maswali; mama huketi nyuma, karibu na mlango, akimenya muhogo. Siku za kwanza tulidhani ameketi pale kwa ajili ya upepo. Baadaye tuliona ya kuwa kila asiyejua jibu humtazama yeye, na kila msichana mwenye shida huchelewa kuondoka ili amsaidie kumenya. Siku moja alifika binti mmoja na mchumba wake kuandikisha ndoa. Mzee alimwuliza yote yapasayo, naye alijibu vizuri, ndiyo, ndiyo, kwa hiari yangu. Nasi tulikuwapo, tukaona hakuna neno. Kisha binti akaketi kumenya muhogo. Usiku tulimsikia mama akimwambia mzee ya kuwa mbuzi wa mahari wamekwisha kuliwa na baba mdogo wa binti, na binti mwenyewe hamtaki yule mtu hata kidogo. Asubuhi mzee alimwita baba mdogo, akamwambia ya kuwa tangazo la ndoa litangoja. Katika daftari imeandikwa, “Mwalimu amesimamisha tangazo.” Ni kweli, amelisimamisha. Lakini katika seminari yetu hatukufundishwa kumenya muhogo.

Jambo jingine tuligundua Jumamosi jioni. Mzee husifiwa na watu wote kwa sababu hutangaza somo la Jumapili bila kutazama kitabu. Kitabu hukishika wazi mikononi kwa heshima tu. Tulidhani ni karama. Kumbe miwani yake ilivunjika walipokimbia, na macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Kila Jumamosi baada ya chakula mama huketi karibu na taa, husoma mstari, mzee huurudia. Husoma tena, naye hurudia, mpaka somo lote limeingia. Somo la Mtume Paulo huwachukua saa mbili, kwa maana sentensi zake ni ndefu. Tulimwambia mama, kwa nini usisome wewe mwenyewe kanisani? Alisema watu wamezoea sauti ya mzee. Lakini mzee alipougua malaria, Jumapili mbili mfululizo, alisoma yeye, akaongoza sala, akawazika wafu wawili, na hakuna aliyelalamika ila mzee, aliyesikia kutoka kitandani ya kuwa wimbo ulianzwa juu mno.

Siku za Ebola pia walizipita pamoja. Ugonjwa ule ulitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, ukaenea Beni na Butembo, na mpaka ulipokwisha tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa umewaua watu 2,287. Mama alikuwa amemgusa jirani mgonjwa. Wauguzi walimchanja, wakaja kumpima joto kila siku kwa siku 21, na wakati huo wengi walisema chanjo ni sumu. Mama alikaa uani mahali pa kuonekana na kila apitaye, ili wahesabu siku pamoja naye. Siku ya ishirini na mbili wanawake saba walimwendea muuguzi wenyewe.

Kukimbia kwenyewe kulikuwa Novemba 2019, wakati watu wengi walipouawa Beni na Oicha. Mzee alibeba daftari la wakatekumeni ndani ya mfuko wa plastiki. Mama alibeba sufuria na kitambaa cha altare. Walikwenda kwa miguu hadi Beni, kisha kwa lori hadi Butembo, kilomita 54, wakapokewa na binti yao. Butembo ni mji wa biashara, tena ni juu milimani, baridi yake huingia mifupani. Mzee alikonda. Si kwa njaa, ila alikuwa haitwi na mtu. Mama katika juma la pili tu alikuwa amekwisha kukusanya watoto wa wakimbizi chini ya dari ya nyumba ya jirani, akiwafundisha sala. Mwaka 2022 walirudi kigangoni. Juni 2024 walikimbia tena, wakarudi tena. Wako wasemao ni ukaidi wa wazee. Sisi twaona wakristu wale wangerudi kwa vyovyote, kwa maana hawana pengine pa kula, na wazee walijua hivyo.

Basi, jambo linalotusumbua ni hili. Mzee anazidi kukohoa. Nyumba wakaayo ni ya misioni, na katika kitabu cha parokia kuna jina moja tu, la mzee. Sisi tumeona mahali fulani mwalimu mmoja alivyokufa baada ya utumishi wa miaka thelathini. Matanga yalipokwisha, mjane wake aliambiwa aondoke kumpisha mwalimu mpya. Hakuna aliyemtukana, walimpa hata gunia la maharage. Lakini aliondoka kama mgeni, kwa sababu katika vitabu hakuwa mtu.

Kanisa halikufundisha hivyo. Mtaguso wa pili wa Vatikano, tarehe 7 Desemba 1965, uliwasifu makatekista, waume kwa wake. Marehemu Papa Fransisko, kwa waraka wa Antiquum ministerium wa tarehe 10 Mei 2021, aliweka huduma ya katekista kwa walei, wanaume na wanawake. Na mbele ya hao wote, Mtume Paulo aliwasalimu Priska na Akwila, mume na mke washona hema, ambao kanisa lilikusanyika nyumbani mwao. Akamtaja mke kwanza, wala hakusema Akwila na mkewe.

Tulipolisema jambo hili mbele ya wenzetu, mmoja alijibu ya kuwa mwanamke akiandikwa atataka posho. Tulimwuliza posho ipi, akacheka, kwa sababu anajua. Mwingine alisema kwa upole zaidi ya kuwa wanawake wengine wa walimu hawafanyi kazi hiyo, na tukiwaandika wote tutasema uongo. Neno hili lina uzito. Wako wake wa walimu wenye biashara zao na wito wao, nasi hatutaki cheo kigawanywe kwa ndoa kama nguo za sare. Aandikwe afanyaye kazi, baada ya kujaribiwa na kufundishwa kama wanaume wanavyojaribiwa. Mama huyu amejaribiwa.

Tumeandika barua kwa baraza la parokia, tukiomba jina lake liwekwe katika kitabu pamoja na la mumewe, na wakristu wasomewe Jumapili, na nyumba ihesabiwe kuwa ya wote wawili maadamu mmoja wao yu hai. Kabla ya kuipeleka tulimsomea Mama Mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ikiwa katika muhogo. Kisha aliuliza kama jina la pili litaleta na ripoti ya pili kila mwezi, kwa maana ile ya kwanza, tangu miwani ilipovunjika, huiandika yeye.