FARASI WEUPE WA BABU WAZUA MTITI WA MAMA NA MWANA

Jamaa mmoja wa Nuremberg, Ujerumani, umri thelathini na kitu, ana sanduku la askari wa farasi. Si wa plastiki, wadau, ni wa bati. Na wala si bati la kuezekea! Hii ni bati iliyoyeyushwa ikamiminwa katikati ya vibao viwili vya jiwe vilivyochongwa kwa mkono. Anayetoka humo ni bapa, unene kama wa sarafu. Ukimtazama ubavuni unamwona farasi anakimbia, upanga juu, kofia inapepea manyoya. Ukimgeuza akutazame, hayupo. Umebaki mstari tu.

Nuremberg ndiko vitu hivi vilikopatia jina. Fundi Ernst Heinrichsen alifungua karakana yake hapo mwaka 1839, na kimo chake cha milimita 30 ndicho wengi wanakifuata mpaka leo. Kule Kulmbach, kwenye ngome ya Plassenburg, kuna makumbusho nzima ya askari hawa, na kila baada ya miaka miwili mji unajaa wakusanyaji wanaouziana wale ambao bado hawajapakwa rangi.

Maana kupaka ndiyo shughuli yenyewe. Kwa kuwa askari ni bapa, brashi inabidi ilidanganye jicho: kivuli chini ya tumbo la farasi, mwanga begani, rangi ya mafuta tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lisubiriwe likauke. Mmoja tu anaweza kukumalizia jioni kadhaa.

Jamaa wa kwetu anao 48, na hakuwapaka yeye. Aliwapaka babu yake mzaa mama. Alipowarithi akajiona kaokota dodo: kikosi kizima cha Wafaransa wavaa deraya, tayari kwa Waterloo.

Jumamosi moja akawapeleka kwa washkaji anaocheza nao vita vya mezani, vile vya kurusha dadu na kupima hatua kwa rula. Wakacheka mpaka basi. Babu alikuwa amepaka farasi wote weupe! Kwenye jeshi la Napoleon, farasi mweupe kwa kawaida alikuwa wa mpiga tarumbeta. Na kikosi kilichojulikana kwa farasi wa rangi hiyo, siku ile ya 18 Juni 1815, kilikuwa cha upande wa pili kabisa: Waskoti wa jeshi la Uingereza. "Hili jeshi au bendi?" mmoja akamuuliza.

Aibu ikampanda. Usiku ule ule akawatosa wawili kwenye dawa ya kuondoa rangi.

Mama yake alipopita kesho yake, akawakuta mezani wanang'aa kama vijiko. Akaanza kuwahesabu waliobaki. Ndipo jamaa akasikia jambo ambalo hakuwahi kuambiwa: farasi yule mweupe alikuwepo kweli. Babu alilima naye miaka mingi, akamuuza ili anunue trekta, na Jumapili ndizo alizokuwa akikaa kumpaka. Chini ya kila askari kuna tarehe, kwa maandishi madogo ya kusoma na kioo cha kukuzia. Kwa wale wawili, imefutika.

"Baba hakuwa anapaka Waterloo," mama alisema, akabeba sanduku.

Kiukweli jamaa naye ana hoja. Mchezo huu ni usahihi. Watu wanagombana mpaka kwa rangi ya kola. Ila angeweza kununua wapya Kulmbach akawapaka mwenyewe. Anasema hana jioni za kutosha. Huo ni uvivu tu, bwana.

Kwa sasa sanduku liko chumbani kwa mama, na wawili hao hawavuki salamu. Washkaji wa Jumamosi wanasubiri farasi wa kahawia. Haya wadau, wale wawili ungewarudishia weupe wao, au ungewaacha hivyo hivyo?