Silikoni Ile Niliipaka Mimi

Injini ya Toyota IST ya dada yangu haikuharibiwa na fundi. Niliiharibu mimi, kisha nikanyamaza wakati fundi akitukanwa kwa kosa hilo. Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Gari lilikuwa linavuja oili. Tone lilining'inia kwenye ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikaamua papo hapo kwamba sampu ndiyo mbovu. Dada alikuwa amesafiri, nami nilitaka arudi akute sakafu kavu, kwa hiyo sikumwambia mtu. Sikujiuliza oili ile ilitokea wapi kabla ya kufika pale. Oili hushuka. Ikivuja juu, kwenye kava ya tapeti, hutambaa ubavuni mwa injini, upepo wa mwendo huisukuma nyuma, na mwishowe hukusanyika mahali pa chini kabisa, ambapo ndipo ilipo sampu. Inatakiwa uoshe injini, uikaushe, uliendeshe gari kidogo, kisha umulike kwa tochi kuanzia juu, ukitafuta palipolowa pa juu kuliko pote. Wengine hupulizia poda ili njia ya oili ijichore yenyewe. Hayo yote hufanyika bila kulegeza hata nati moja.

Mimi nilianza kwa kufungua. Tena nililala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, jambo ambalo nikilikumbuka leo mwili unanisisimka.

Injini ile, 1NZ-FE ya lita 1.5, sampu yake haifungwi kwa gasketi. Hata kiwandani hufungwa kwa gundi. Kwa hiyo kupaka silikoni halikuwa kosa. Kosa lilikuwa wingi wake. Unatakiwa uchore uzi mwembamba, wa milimita chache tu, juu ya chuma kisicho na chembe ya oili wala mabaki ya gundi ya zamani, kisha uiache ishike kabla ya kumimina oili. Mimi nilipaka kama anayeziba bati linalovuja. Nilipokaza bolti silikoni ikatokeza pande zote, nami nikafurahi, nikidhani ndiyo dalili kwamba imeziba barabara. Kumbe kiasi kilekile kilitokeza kwa ndani, nisikoona. Sikusubiri. Nikamimina oili, nikawasha.

Ndani ya sampu kuna chujio la waya, na hapo ndipo pampu inapofyonzea oili. Vipande vya silikoni vilivyobanduka vilianza kukusanyika pale, kidogo kidogo.

Baada ya siku chache doa lilirudi sakafuni. Dada, aliyekuwa amesharudi, akapeleka gari kwa fundi wa mtaani kwetu, naye hakuchukua muda. Alimulika juu, akapitisha kidole nyuma ya kava ya tapeti, akasema gasketi yake imekakamaa kwa joto na uzee. Akaweka mpya, akazikaza bolti kwa zamu na kwa mkono mwepesi, maana zinataka nyutoni-mita 10 tu. Ukizidisha, unaiponda gasketi. Aliikagua hata vali ya PCV, kwa sababu ikiziba, presha hujazana ndani ya injini na kuisukuma oili itokee kwenye kila gasketi dhaifu. Uvujaji ukakoma. Kazi niliyoshindwa mimi, yeye aliimaliza vizuri.

Kisha dada akanipigia simu: akiwa kwenye foleni, taa nyekundu ya oili inawaka na kuzima. Nikamwambia apime oili. Akapima, ikawa sawasawa. Nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba hiyo ni sensa tu, aendelee kuendesha. Taa ile haihusiki na wingi wa oili, inahusika na presha. Sampu inaweza kuwa imejaa huku beringi za krenki zikisagana kavu. Ikiwaka injini ikiwa inazunguka, unasimama na kuzima hapo hapo. Dada hakusimama kwa sababu alinisikiliza mimi, na injini ikanoki barabara ya Morogoro, karibu na Kibamba, watoto wake wakiwa ndani ya gari.

Sampu ilipofunguliwa nilikuwepo. Chujio lilikuwa limezibwa na silikoni ya kijivu, rangi ileile niliyonunua. Shemeji akauliza ni nani wa mwisho kuishika injini hii. Wakaitaja kazi ya gasketi, fundi akaitwa. Akasema, "Shemeji, mimi sampu sijaifungua. Nimefungua kava ya juu tu." Alirudia hivyo mara kadhaa, akitutazama mmoja mmoja. Aliponitazama mimi, nikainamisha kichwa. Shemeji akakataa kumlipa fedha ya kazi iliyobaki na akaapa kuwaonya majirani. Aliwaonya kweli, na magari pale kijiweni yakapungua.

Nilijipa sababu nyingi: kwamba injini ya mtumba ilishanunuliwa na kufungwa, kwamba fundi atapata wateja wengine, kwamba kusema kungemuumiza dada. Zote zilikuwa za kunilinda mimi. Dada na shemeji sasa nimewaambia. Dada alilia, na hakuililia injini. Ananilipisha gharama yake kidogo kidogo, na ni haki yake.

Kwa fundi nilikwenda na shemeji, mchana, watu wakiwepo, kwa kuwa alitukanwa mchana watu wakiwepo. Nikampa fedha aliyonyimwa na kusema wazi nilichofanya. Aliipokea akasema amesikia. Hakusema amesamehe, wala sikumwomba aseme. Wateja aliowapoteza siwajui wote, siwezi kugonga kila mlango. Ndiyo maana ninaandika: ikiwa uliacha kumpelekea gari lako kwa sababu ya maneno yale, naomba urudi kwake.