Gereji na stesheni ni ndugu?

Bumu bado halijatoka, kwa hiyo leo nawalisha maneno.

Mfaransa akishuka Kilosa kwenye treni ataiita stesheni "gare". Akifika Mikumi gari likimharibikia, atatafuta "garage". Hayo maneno mawili ni tumbo moja: yametoka kwenye "garer", kuweka chombo mahali salama. Na chombo chenyewe mwanzoni kilikuwa boti, si gari! Pembeni ya mto palikuwa na sehemu ya kuzipisha zisigongane, ndiyo gare. Treni zilipoingia karne ya 19, neno likahamia relini. Magari yalipokuja, Mwingereza akajichukulia garage mwanzoni mwa karne ya 20, sisi tukalipata kwake.

Kilosa kwetu ni mji wa reli tangu Mjerumani, na kuanzia 2024 treni ya umeme nayo inasimama. Mikumi inaishi kwa barabara ya Zambia, malori usiku kucha, mafundi kila kona. Kwa hiyo wilaya yetu moja ina ndugu wote wawili, he he.

Ila Mwingereza hata chumba cha kulaza gari nyumbani anaita garage. Sisi hilo ni banda la gari. Gereji ya Mikumi ni mwembe, oili chafu na fundi yuko uvunguni. Ukuta wa nini?

Nililifundisha hili neno kidato cha pili nikiwa mazoezi ya ualimu, mada ya maneno ya mkopo. Darasa zima lilidai gereji imetoka kwenye gari. Hapana, gari ni la Wahindi, kufanana ni bahati tu.

Nyuma kulikuwa na dogo mmoja aliyekuwa hasemi kitu. Jioni anashinda gereji kwa mjomba wake, na alishaambiwa mbele ya wenzake kwamba "ataishia gereji". Mimi hiyo kauli siipendi kabisa, wanaoitoa magari yao wanapeleka wapi? Nikaandika ubaoni: garer, kuhifadhi. Akainakili taratibu. Kipindi kikaisha, akanifuata mlangoni.

"Ticha, na spana?"

Nikamwambia ya Mwingereza, naye kaitoa kwa Mjerumani.

"Na jeki?"

Kengele ya kipindi cha Hesabu ilishalia, bado kasimama.