Uani kwa bibi, Mshangano

Baridi ya Juni huku Mshangano, Songea, si ya kusimuliwa. Mji umekaa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mpaka saa mbili asubuhi moshi wa majiko bado umelala kwenye migomba. Ukungu ukiachia, unaiona milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma. Nimelala miji mingi ya nyanda za juu. Hapa ndipo ninapopenda kuamka.

Ni msimu wa mahindi. Uani kwa wenyeji wangu lundo lilifika magotini, na bibi alikuwa akipukuchua kwa mkono wa kulia tu, kanga ameilegeza chini ya kwapa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nipo nipo, na huu mkanda wa jeshi."

Ulianzia mgongoni, ukapita chini ya titi la kushoto, ukaishia katikati ya kifua. Vipele vilishakauka, lakini kanga ikigusa tu, alisema, ni moto. Majirani walimtisha kwamba mkanda ukikutana mtu hufa. Si kweli: unafuata njia ya neva, na kila neva huhudumia upande wake wa mwili.

Kirusi chenyewe ni kile cha tetekuwanga aliyougua utotoni. Akapona, nacho kikajificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo kwa miaka yote hiyo. Kinachokizuia kisiinuke si kingamwili za kwenye damu, ni seli T, zinazokomalia kwenye tezi ya thaimasi nyuma ya mfupa wa kifua. Zile zilizopigana nacho mwanzo huacha kizazi kinachokumbuka. Kirusi kikichomoza, seli za CD4, hizo tunazozisikia kliniki za VVU, huziamsha nyingine, zinaongezeka haraka na kuifuata ngozi. Za CD8 huua seli zilizokwisha kuvamiwa. Uzee huipunguza kumbukumbu hiyo, VVU pia. Ndiyo maana mwenye mkanda hushauriwa kupima. Bibi alipelekwa kwa bodaboda siku ya pili tu, akawahi dawa ya asaiklova, ambayo hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke.

Mwaka 1965 Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, alitoa hoja kwamba mtu mzima akikutana na watoto wenye tetekuwanga, kinga yake huamshwa upya. Niliikumbuka hoja hiyo nikiwatazama wajukuu uani, na nikaufikiria mji huu, ambao nao huamsha kumbukumbu yake upya: kila Februari 27 hukusanyika Makumbusho ya Majimaji kuwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, watoto wakisikia majina yao. Naipenda Songea kwa hilo.

Mjukuu wa mwisho, ambaye hajaugua tetekuwanga, alikuwa ametengwa na bibi tangu vipele vilipotoka, kwa sababu maji ya vipele yangemwambukiza. Siku zote hizo alilala kwa shangazi yake, akilia. Asubuhi hiyo mama mtu alikikagua kipele kimoja kimoja, akaona vyote vimekauka, akamwachia mtoto. Alikimbia akipita juu ya mahindi. Bibi akanyanyua mkono wa kulia.

"Huku," akasema, "njoo upande huu."