Udongo Uliochimbwa

Ushirombo, Jumamosi, 15 Juni 2024

Nimeshuka stendi saa kumi jioni, vumbi hadi kwenye kope. Kaka alinipokea na pikipiki, akanyamaza mpaka tulipoiacha lami. Ndipo akasema vijana wa duara, wachimbaji wadogo wa dhahabu, wamekuja nyumbani mara tatu. Wanataka kushuka nyuma ya jiwe kubwa, pale Mama alipokuwa akianika mihogo. Wameokota mawe ya juu juu, wakayapeleka karasha, mashine ya kusaga mawe, yakatoa dhahabu. Sisi wenye shamba tutapata fungu letu la mifuko ya mawe.

"Ila Bibi yuko pale," akasema.

Bibi huyo ni mama yake Babu. Alizikwa mwaka wa Uhuru, kabla ya mvua kuanza. Hakuwekewa saruji wala msalaba. Kaburi lilikuwa kichuguu cha udongo na mawe machache, mnyaa ukachomekwa kichwani. Walioshuhudia wamekwisha wote, amebaki Shangazi peke yake, naye siku hiyo alikuwa na miaka minane.

Jumapili, 16 Juni

Shangazi ameletwa kwa bodaboda baada ya misa. Hakutaka hata maji. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya jiwe, akasimama, akauliza, "Mnyaa wa hapa nani kaukata?" Hatukuwa na jibu.

Akatueleza kwamba siku ya mazishi watoto walifukuzwa kaburini, wakapanda juu ya jiwe, wakakaa miguu ikining'inia. Akaniamuru nipande. Nikapanda, nikakaa alipoonyesha, mtu mzima na miwani yangu. "Sasa tazama chini mkono wa kushoto. Wanaume walikuwa pale." Nikaelekeza kwa kidole, Kaka akaweka alama.

Kaka akaanza kuchoma ardhi kwa mtaimbo kutafuta palipo laini. Shangazi akamshika mkono: "Unamchoma nani?" Akataka jembe na ndoo mbili za maji. Tukaondoa nyasi, tukakwangua udongo wa juu kina cha vidole vinne, tukanyunyiza maji, tukasubiri. Ulipoanza kukauka, alama ikatokea yenyewe. Pembeni ardhi ilikuwa nyekundu safi. Katikati pakabaki baka refu la kahawia lenye madoadoa mekundu, kama ugali uliokorogwa vibaya.

"Udongo uliochimbwa haurudi ulivyokuwa," akasema Shangazi, akakaa chini.

Kaka akapima kwa hatua. Haikufika hatua mbili. Akasema ni fupi mno, labda ni la mtoto. Shangazi akatikisa kichwa. Bibi alifariki usiku, amelala ubavu, amejikunja. Asubuhi mwili ulikuwa umekwisha kukaza, nao wakamzika vile vile alivyolala.

Jumatatu, 17 Juni, usiku

Sikukuu ya Idi, jirani wametuletea pilau. Sijalala. Tangu jana ninamfikiria mtoto wa Panga ya Saidi, ambaye nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa Kahama bila kujua ninachokisema.

Panga ya Saidi ni pango la mawe ya chokaa katika kaunti ya Kilifi, Kenya, si mbali na bahari. Watu waliishi humo kwa makumi ya maelfu ya miaka. Mwaka 2013 wachimbaji waliona ukingo wa shimo dogo, na mwaka 2017 walilifikia lote. Ndani mlikuwa na mifupa iliyooza kiasi kwamba ukiigusa inakuwa unga. Wakaufunika udongo wote kwa plasta, wakaubeba kama mzigo mmoja hadi Makumbusho ya Taifa Nairobi, kisha hadi Burgos nchini Hispania, ambako uliendelea kuchimbwa maabara. Habari ilitangazwa Mei 2021: mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Ndilo kaburi la kale kuliko yote ya Homo sapiens yanayojulikana Afrika. Wakamwita Mtoto, kwa Kiswahili chetu.

Alilazwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani. Mabega yalivyobanwa inaonekana alizungushiwa kitu, majani au ngozi, na kichwa kilivyoinama ni kama kiliwekewa mto ambao ulioza, kikaangukia palipokuwa na mto. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilichokipita haraka kila mwaka darasani ni namna walivyojua kwamba ni kaburi, si mtoto aliyefia pangoni akafukiwa na vumbi. Walijua kwa udongo. Ndani ya shimo ulikuwa tofauti na wa pembeni, kwa sababu mtu aliuchimbua, kisha akaurudisha juu ya mtoto. Shangazi angewaambia kwa ndoo mbili za maji.

Jumatano, 19 Juni

Leo imetimia miaka 70 tangu fuvu la Mkwawa, mtemi wa Wahehe, liliporudishwa Kalenga, 19 Juni 1954, kutoka Bremen. Mwili wake uko Mlambalasi, alikojiua mwaka 1898 asishikwe na Wajerumani. Kichwa kilikatwa kikasafirishwa, kiwiliwili kikabaki Iringa. Mpaka leo yuko mahali pawili.

Nimemweleza Kaka habari hii kwa sababu jana alileta wazo la kumhamisha Bibi. Pale pale Mlambalasi, jirani na kaburi la Mkwawa, kuna jiwe lenye kivuli ambapo Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta na wenzake walichimba wakakuta mifupa ya wawindaji wa Zama za Mawe. Mwaka 2022 vinasaba vya mmoja wao vilitangazwa. Aliishi yapata miaka 18,000 iliyopita. Watu wasiojuana wamelala chini ya kilima kimoja, na aliyewafuata wa mwisho ni mtemi.

Kaka alisikiliza vizuri. Kisha akaniuliza ada ya mtoto wake wa kidato cha tano itatoka wapi. Ni swali la haki, na sikulijibu.

Ijumaa, 21 Juni

Lazima niandike hili polepole.

Vijana walikwisha kuchimba shimo la majaribio kabla sijaja, hatua kumi na moja kutoka kwa Bibi, chini ya ubavu wa jiwe unaotoa kivuli. Kina chake ni kifuani. Leo kiongozi wao alikuja kutusalimu, akampa Shangazi shikamoo yake, akaniambia nishuke nione mwenyewe kwamba hapana kaburi. Akapitisha kiganja ukutani. "Udongo huu haujaguswa, mwalimu. Ungekuwa umeguswa ungekatika tofauti." Nikamwamini. Maisha yake yanategemea kusoma kuta, asipozisoma atafukiwa.

Na katika ukuta huo ambao haujaguswa, usawa wa goti langu, palikuwa na mstari wa vipande vyeupe. Vyembamba, vikali, vingine vidogo kama ukucha, vimelala bapa kama vilivyodondoka. Juu yao udongo mwekundu usio na kipande hata kimoja, chini yao vile vile. Kati yao makaa madogo meusi.

Nilitoka shimoni mikono ikitetemeka.

Jumamosi, 22 Juni

Vipande vya jana ni vya jiwe jeupe. Jiwe hilo, ambalo vitabu vinaliita kwatzi, ndilo mama wa dhahabu ya huku. Dhahabu imejificha kwenye mishipa yake, ndiyo maana tunalisaga. Hilo hilo ndilo wawindaji wa ukanda huu wa ziwa walilokuwa wakilivunja kupata makali ya mishale na visu. Katika miaka ya 1960 Robert Soper na B. Golden walipochunguza mkoa wa Mwanza walichimba kwenye jiwe la Nyang'oma, wakakuta vijiwe vya kwatzi pamoja na vigae vya Kansyore, vyungu vya wavuvi na wawindaji vilivyopewa jina la kisiwa cha Mto Kagera.

Tatizo ni kwamba kwatzi haivunjiki kwa adabu. Wawindaji wa kale waliiweka juu ya jiwe jingine, wakaigonga kwa nyundo ya jiwe kutoka juu. Leo asubuhi nilipita sokoni nikawatazama akina mama wanaoponda mawe kabla ya karasha. Jiwe chini, nyundo juu. Nikaokota vipande viwili miguuni mwao, na sikuweza kuvitofautisha na nilivyoviona jana. Nikivichanganya mfukoni, hakuna profesa atakayenitenganishia. Cha jana kina habari kwa sababu moja tu, kwamba kingali kimelala pale kilipoangukia, kwenye udongo ambao haukuchimbwa.

Mifupa sitarajii. Udongo wetu wa matale una asidi, unakula mfupa. Ni chokaa ya Kilifi iliyomtunza Mtoto. Hivyo huku kwetu mtu ataniambia, kama alivyoniambia mwalimu mwenzangu mmoja, kwamba watu wa porini hawakuwa na mazishi. Nakasirika nikisikia hivyo. Mwanaanthropolojia James Woodburn aliishi na Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, akaeleza mazishi mepesi yasiyo na jengo wala urithi wa kugombea, na jinsi kambi inavyohama baadaye. Kuhama nako ni kuomboleza. Wameacha mahali pote kwa ajili ya mtu mmoja. Sisi tunaoweka vigae makaburini tumempoteza Bibi ndani ya miaka 63 kwa sababu mtu alikata mnyaa.

Jumatatu, 24 Juni

Kikao chini ya mwembe: Shangazi, Kaka, mimi, vijana watano. Nilisoma walichohitaji kusikia: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na anayevikuta anatakiwa kutoa taarifa. Wakanyamaza kwa hofu, nikajilaumu kwa kuanza na sheria. Watu hawa wamekopa kununua matimba ya kuzuia kuta za duara.

Shangazi ndiye aliyeokoa kikao. Akamwambia kiongozi, "Mjukuu wangu, wewe ukifa duarani tutakutafuta?" Kijana akasema, "Mtanitafuta, Bibi." "Hata tukikesha?" "Hata mkikesha." Basi akamwomba asogee.

Walijadiliana pembeni karibu nusu saa. Mshipa wa jiwe jeupe unapita hadi upande wa pili wa shamba, kuelekea kwenye mpunga, watajaribu huko. Nimekubali fungu letu lipungue hadi warudishe gharama za shimo la kwanza. Kaka hakufurahi, ila alitia saini.

Mchana nimeshuka tena shimoni na futi ya fundi cherehani. Nimepiga picha, nimechora ukuta, nimeandika vipimo. Kijana alinishikia futi. Alitaka kuchomoa kimoja anipe kumbukumbu, nikamwomba akiache, akakiacha. Barua kwa afisa utamaduni wa wilaya nimeipeleka mwenyewe.

Kahama, Ijumaa, 5 Julai

Shule imefunguliwa. Nimefundisha Zama za Mawe kidato cha kwanza, nikatumia ndoo ya maji na kiwanja cha nyuma ya darasa, ambako jana nilichimba shimo nikalifukia. Walilipata kwa dakika chache.

Usiku huu hakuna mwezi. Kwenye usiku kama huu Wahadzabe hucheza epeme, gizani kabisa, moto umezimwa. Nimezima taa nikakaa kidogo.

Kaka amepiga simu saa mbili. Shangazi amechomeka mnyaa mpya kichwani pa Bibi na kumpa zamu ya kuumwagilia. Duara jipya limefika urefu wa mtu, bado halijatoa kitu. Afisa amejibu, atakuja Jumanne. Nimemwambia Kaka aweke bati juu ya lile shimo la zamani, alikandamize kwa mawe, mbuzi wasiingie.