Usiangalie mpira

Najua nimepotea. Wapo walioniandikia kuuliza kama blogu imekufa, na mmoja akauliza kama nimeoa kimyakimya. La kwanza si kweli, na la pili mngealikwa. Nilikuwa na deni tu, nikawa sioni raha kuandika jambo jengine kabla sijalilipa.

Deni lenyewe ni sentensi moja. Alhamisi moja nilitumwa uwanja wa Mao Zedong, pale Kikwajuni, nikaandike mechi ya vijana. Nilipewa nafasi ya maneno 150, na si mnajua tena maneno 150 ni nini: nani kafunga, dakika ya ngapi, kocha kasema anamshukuru Mungu, basi. Mechi iliisha 1-0, goli la kiungo. Nikabakiwa na nafasi ya mstari mmoja, nikaujaza kwa kumtaja mshambuliaji wao wa kati, kijana wa miaka 19, mwembamba, soksi zimeshuka, jezi namba 11 imempwaya. Nikaandika kwamba alikuwa butu na alipotea uwanjani kwa muda mrefu. Nikatuma, nikaenda Darajani, nikala urojo, nikasahau.

Siku tano baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. Mzee mmoja, sauti ya taratibu. "Mwanangu, wewe ndiye uliyemwandika kijana wangu?" Nikaamkia, nikajiandaa kugombezwa. Hakugomba. Alinieleza tu kwamba kijana yule anatoka shamba, upande wa Bumbwini, na nauli ya kuja mjini mazoezini analipiwa na kaka yake mkubwa anayefanya kazi hotelini Nungwi. Mtu kalipiga picha gazeti, kalirusha kwenye kundi la familia. Kaka akasoma. Akasema: kama gazeti linasema unapotea uwanjani, mimi nakulipia nauli ya kwenda kupotea? Njoo huku hotelini, kuna kazi ya kusafisha mabwawa.

"Ana siku tatu hajaja mazoezini," kocha akaniambia. "Sikuombi ukanushe, maana goli kweli hakufunga. Nakuomba kitu kimoja. Jumapili tunacheza tena, nauli yake nitaitoa mimi. Njoo. Lakini usiangalie mpira. Mwangalie yeye tu, dakika zote tisini."

Nikaenda. Niseme ukweli, nilikwenda kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi.

Kama hujawahi kujaribu kuangalia mechi bila kuangalia mpira, jaribu siku moja. Ni kazi. Jicho linavutwa. Watu jukwaani wanapiga kelele upande wa kulia, na wewe umekaa unamkodolea macho mtu aliyesimama upande wa kushoto anavuta kaptura yake. Dakika kumi za mwanzo nilihisi naibiwa muda. Mpira ulimfika mara mbili, na moja aliupoteza.

Halafu nikaanza kuona.

Kipa wa wapinzani anampa mpira beki wake wa kati. Kijana anaanza kukimbia, lakini hakimbii moja kwa moja kumfuata mwenye mpira. Anakimbia kwa kupinda, kama mtu anayezunguka shimo, na ule upinde unaifunga njia ya pasi kwenda kwa beki wa kulia. Beki wa kati anabaki na mguu wa kushoto ambao si wake. Anabutua. Mpira unatoka nje. Hakuna aliyepiga makofi, na mimi Alhamisi ile mbio kama hizo niliziita kupotea. Dakika mbili baadaye, tena. Na tena. Ilipofika dakika ya ishirini, yule beki alikuwa akipokea mpira anageuka kwanza kumtafuta kijana yuko wapi, kabla hajawatafuta wenzake.

Hata kutembea kwake kulikuwa na maana. Mpira ukiwa mbali alikuwa anatembea taratibu, anajisogeza mgongoni kwa beki wa mbali, pale ambapo beki hawezi kumuona yeye na mpira kwa wakati mmoja. Anageuza shingo, anatazama, anarudisha. Shingo ile haikutulia mchana kutwa.

Goli lilipatikana kipindi cha pili. Winga alipofika karibu na kibendera cha kona, kijana alichomoka kuelekea nguzo ya karibu, mkono juu, anaudai mpira kwa kelele. Mabeki wawili wakaenda naye. Krosi ikapigwa nyuma yake, na katikati pale palipokuwa na watu watatu sasa hapakuwa na mtu, isipokuwa kiungo mmoja aliyekuja akaupasia wavuni kama anafanya mazoezi. Uwanja mzima ukamkimbilia kiungo. Kijana alikuwa chini, karibu na nguzo, anafunga kamba ya kiatu.

Usiku ule nikamtafuta jamaa aliyerekodi mechi ya Alhamisi kwa simu yake, nikaomba anirushie lile goli. Nikaliangalia mara sita. Ni lilelile! Nguzo ya karibu, mkono juu, mabeki wawili nyuma yake. Yaani nilimwita butu mtu aliyelifungua goli ambalo mimi mwenyewe niliandika dakika yake.

Sitaki sasa nimpake mafuta. Jumapili ile alikosa nafasi ya wazi ambayo hata mimi na tumbo langu hili ningejaribu. Mguso wake wa kwanza ni mzito, mpira unamkimbia kama una deni lake. Na ilipofika dakika ya 75 alikuwa amekwisha, mikono magotini. Nilipomuuliza kocha, alicheka. "Kukimbia sikumfundisha mimi, kaja nako kutoka shamba. Ninachomfundisha ni lini asikimbie." Akanieleza kwamba zile mbio za kipindi cha kwanza, karibu nusu yake hazikuwa na faida: mpira ulikuwa umeshapita, au wenzake wa nyuma walikuwa hawajasogea, kwa hiyo alikuwa anakaba peke yake na wapinzani wanampita kwa pasi mbili. Kukabia juu ni kazi ya timu. Mshambuliaji ndiye anayetoa ishara, lakini akitoa ishara wenzake wamelala, kamaliza pumzi zake bure.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bidii na akili ya mpira ni vitu viwili, na kijana anacho cha kwanza chote na cha pili anakipata kidogo kidogo. Mimi nilikuwa sijaona hata kimoja.

Nikaanza kujiuliza ni wangapi wengine tumewaangalia vibaya. Chukua Feisal Salum, Fei Toto wetu. Najua ni kiungo mshambuliaji, si namba tisa, msinirukie. Mimi nilikuwa skuli Desemba 2017 wakati Zanzibar Heroes wamefika fainali ya Chalenji, Machakos, wakatoka 2-2 na Kenya na kufungwa kwa penalti 3-2. Yeye alikuwamo kwenye kikosi kile cha Hemed Morocco, ana miaka 19 tu, umri wa kijana wangu wa Mao. Muulize mtu yeyote mtaani kwetu anakumbuka nini cha siku ile, atakutajia magoli mawili ya Khamis Musa, na penalti. Sisi kumbukumbu yetu yote ni wavu. Feisal tulianza kumzungumza kwelikweli alipoanza kuhesabika: mabao 19 ya ligi akiwa na Azam msimu wa 2023/24, mawili tu nyuma ya Aziz Ki wa Yanga. Halafu lile goli dhidi ya Tunisia, tarehe 30 Desemba 2025 kule Morocco, lililoipeleka Taifa Stars hatua ya mtoano ya AFCON kwa mara ya kwanza. Usiku ule Michenzani hapakulalika. Lakini aliyefunga siku ile ni yuleyule aliyekuwa anakimbia akiwa JKU na sisi tumekaa jukwaani Amaan tunakula njugu.

Au Samatta. Tarehe 1 Machi 2020, Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa wamefungwa 2-1 na Manchester City, na goli la Villa ni la kichwa cha Mtanzania. Tunakumbuka kichwa. Rudia ile video uangalie mwili: El Ghazi anaurudisha mpira katikati, na Samatta keshaanza kujitupa.

Wazungu nao walipata tabu hiyo hiyo na Firmino. Msimu wa 2018/19 Salah na Mané walifunga mabao 22 kila mmoja kwenye ligi, yeye kama namba tisa akafunga 12. Kwa hesabu za gazeti langu huyo ni butu. Klopp aliendelea kumpanga, na mwaka ule ule wakabeba Ulaya.

Kuna jambo moja la ajabu kidogo nililolipata Jaws Corner. Nilikuwa nakunywa kahawa nawaeleza jamaa habari hii, kumbe pembeni kuna mgeni kutoka Melbourne anayejifunza Kiswahili, anasikiliza. Akaniambia kwao wana mpira wao, si huu wetu wala si raga, unachezwa kwenye uwanja wa duara la yai, watu 18 kila upande, goli lina alama sita na ukikosa kidogo unapewa moja ya kukufariji. (Hiyo ya kukufariji ingewafaa sana Taifa Stars.) Ananiambia kule mshambuliaji kijana anahesabiwa mpaka mara alizomkamata mpinzani kwenye eneo la mbele, karibu na goli analoshambulia. Yupo mtu amekaa na kompyuta, kazi yake hiyo. Kwa hiyo kijana anaweza kumaliza mechi bila goli hata moja, na Jumatatu asubuhi magazeti yakasema kacheza vizuri, na namba zipo.

Nikanyamaza. Maana pale Mao hakuna mtu mwenye kompyuta. Kuna refa, kuna kocha, kuna watoto juu ya ukuta, na nipo mimi na kidaftari. Nikisema alipotea, basi amepotea mpaka Nungwi.

Nikaandika habari ya pili. Maneno 400, nikaeleza ule upinde, shingo, nguzo ya karibu. Mhariri akaisoma nusu, akanirudishia. "Dogo, kafunga?" Nikamwambia hakufunga. "Hakuna goli, hakuna habari." Simlaumu sana, ukurasa ni mmoja na Simba na Yanga wanaula wote. Ndiyo maana mnaisoma hapa.

Jumapili iliyopita nilimngoja kijana baada ya mechi. Alikuwa amekaa juu ya ngazi anavua viatu, kavifunga kwenye mfuko wa plastiki. "Shikamoo kaka." Nikamwambia mimi ni nani. Akasema anajua, kocha alishamuonyesha toka siku ile nilipokaa jukwaani namkodolea yeye, na kwamba ilimpa hofu, alidhani nimetumwa na kaka yake. Nikamuomba radhi kwa ile sentensi. Akaangalia chini, akatabasamu kidogo.

"Lakini kaka, Alhamisi ile mbona nilifunga."

Nikashtuka, nikafungua kidaftari. Nikamwambia aliyefunga ni kiungo.

"Nilifunga sunna. Niliomba nisitolewe mapema, kocha akakubali."

Tulicheka mpaka mlinzi wa uwanja akaja kuangalia. Halafu akaniuliza, sasa habari hii mpya itatoka gazetini lini. Ikabidi nimwambie haitatoka, itatoka kwenye blogu. Akafikiri. Akaomba nimuandikie anuani kwenye karatasi, amtumie kaka yake, kwa sababu kazi ya kule hotelini inamngoja mpaka mwisho wa mwezi na kaka hajabadili maneno. Tukatembea pamoja mpaka kituo cha gari za Bumbwini, akapanda, akakaa dirishani na mfuko wake wa viatu.

Kwa hiyo kaka wa Nungwi, kama umefika mpaka mstari huu: Jumapili ijayo wanacheza saa kumi jioni, hapo hapo Mao. Nitakuwa jukwaani, nimeshika kidaftari. Nauli yako ya kuja nitailipa mimi.